Kakakuona Aliyeitwa Ghushi

1

Twilumba Nyenza hakuwa mwongo, na hiyo ndiyo sababu uongo wake wa kwanza ulipita bila kuulizwa na mtu.

Pale Ithibati, Gangilonga, mjini Iringa, neno lake lilikuwa la mwisho. Chekeche, ile mashine ya kupepeta picha, ilisoma punje za mwanga na kingo za vivuli kisha ikatoa asilimia zake, lakini tangu miaka ya Gharika sheria ilikataa mashine imhukumu mashine mwenzake. Sharti mtu mwenye jina atie kidole. Watu walikuwa bado wanaikumbuka Gharika. Mitandao ilijaa simba wa buluu wakioga Mtera na tembo wakinyonyesha ndama wa nyati. Watalii walikuja na mizigo yao kuwatafuta, wakawakosa, wakaondoka wakitukana. Mwishowe faru wa kweli akapigwa picha akivuja damu, na nchi nzima ikasema, ah, na hiyo nayo imetengenezwa. Faru akafa huku watu wakibishana.

Basi Ithibati ikaundwa, na Twilumba akawa jicho lake. Alimkamata chui kwa madoa yaliyojirudia ubavuni kama maua ya kitenge. Alimkamata twiga aliyelaza kivuli upande uleule lilikotoka jua. Alimkamata tembo kwa nyasi ambazo hazikulala alipokanyaga. Wenzake walimtania kwamba akialikwa harusini huanza kwa kuhesabu vidole vya bibi harusi, naye alicheka, kwa kuwa ilikuwa karibu na kweli.

Asubuhi moja ililetwa picha ya Skolastika Mhapa, mpigapicha mwenye leseni wa Mtandulwe, kijiji kilichoegemea kilima upande wa Pawaga. Mwenye leseni hulazimika kuwasilisha kila picha ya mnyama adimu, na huyu alikuwa amewasilisha kakakuona.

Mnyama alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, katikati ya mduara wa watu waliopiga magoti. Mbele yake kulikuwa na ungo wa mtama, jembe, na kibuyu cha maji kilichokatwa. Ulimi wake ulikuwa umetoka, mwembamba na mrefu, ukigusa maji.

Chekeche ikasema: kweli, asilimia tisini na saba. Twilumba hakuihitaji. Bibi yake mzaa mama, kule Usangu, alikuwa amepiga magoti hivyohivyo. Kakakuona akionekana huletwa penye watu, huwekewa vitu mbele yake, na wote hunyamaza wangoje atakachoelekea. Akienda kwenye jembe au silaha, watu hushika vichwa. Akienda kwenye nafaka, wanawake hupiga vigelegele. Huyu amechagua maji, Twilumba alijisemea, Mtandulwe watapata mvua. Akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya kioo.

Kisha akakumbuka Ndolela, na tabasamu likafa.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepitisha picha ya kakakuona wawili wa kilima cha Ndolela. Alitia muhuri wa Kweli, na kama Sheria ya Uwazi inavyotaka, muhuri ukatangaza mahali, saa na jina la mpigapicha. Sheria hiyo haikutungwa na wajinga. Kabla yake, wajanja walikuwa wakificha mahali na kuuza safari za kwenda kumwona mnyama asiyekuwepo. Lakini waliotunga sheria walisahau kwamba wanunuzi wa magamba nao wana macho. Gharika ilikuwa imewatesa na wao; walichoma mafuta kufuata wanyama wa kubuni hadi wakakata tamaa ya kuamini picha yoyote. Sasa kuna ofisi nzima ya serikali inayowaambia bure ni ipi ya kweli na imepigwa wapi. Mwezi haukuisha. Askari wa wanyamapori walipanda Ndolela wakakuta mashimo yaliyofukuliwa, majivu ya moto wa kufukizia, na gamba moja lililowadondoka wenye haraka zao.

Siku ile Twilumba alimfuata mkuu wake, Bwana Nyalusi, akamwomba mahali pawe panafichwa kwa wanyama kama hao.

"Nyenza," Bwana Nyalusi alimjibu, "kazi yetu ni kusema kweli. Hatukupewa kazi ya kuchagua nani aisikie."

Sasa vidole vyake vilikuwa juu ya meza, na vitufe vilikuwa vitatu. Kweli ingewapeleka wale wanunuzi Mtandulwe. Sijui ingeitupa picha kwa umma ijadiliwe, pamoja na mahali pake, na hilo lingekuwa tangazo kubwa zaidi. Kilichobaki ni Ghushi. Picha iliyoitwa ghushi huchomwa papo hapo isizagae, ikabaki hukumu tu.

Alibonyeza Ghushi.

Mashine ikadai sababu, naye akafikiri. Akisingizia mwanga, Chekeche itambishia. Akisingizia kivuli, itambishia. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mashine haikulijua na yeye alilijua, na hapo ndipo alipoingilia. Akaandika: "Mpangilio si wa asili. Mnyama wa porini hawezi kutulia katikati ya watu na vyombo vya nyumbani. Tukio limetungwa."

Chekeche haikuwa na bibi Usangu. Ikakubali. Twilumba akatoka kwenda kunywa chai, na chai ikamshuka vizuri, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko mengine yote.

2

Alidhani mama huyo wa Mtandulwe atapewa onyo. Ndivyo ilivyo kwa kosa la kwanza: onyo, karipio kidogo, maisha yanaendelea. Alichosahau ni kifungu alichokifundisha yeye mwenyewe kwa waajiriwa wapya. Mtu anayebuni picha mbaya hupewa onyo, kwa kuwa hana madhara. Mtu anayebuni picha ambayo Chekeche inaipa tisini na saba ni fundi wa hatari, na fundi wa hatari hana onyo. Kule kuikataa kwake mashine kulikuwa kumemfanya Skolastika Mhapa, kwenye daftari za serikali, kuwa mghushi hodari kuliko wote waliowahi kukamatwa nyanda za juu.

Aliyemjulisha hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa mama mwenye nyumba wake, Bi. Desderia.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Twilumba alikuwa anaanua nguo, Bi. Desderia akamwita sebuleni kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

"Mwanangu, wewe ndiye unayefanya kazi huko. Hebu nitazamie."

Ukutani kilining'inia kioo cha picha, vile vioo vinavyobadilisha picha vyenyewe, na ndani yake alikuwa marehemu mume wake, Fulgensi, amevaa koti la kahawia, amesimama kando ya ng'ombe wake. Juu ya kifua cha marehemu, kutoka bega hadi kiuno, ulipita mkanda wa kijivu. Ndani ya mkanda kulikuwa na neno moja, na Twilumba alilijua kabla ya kulisoma.

"Ilianza juzi," Bi. Desderia alisema. "Nikadhani kioo kimeharibika, nikakizima, nikakiwasha. Nikaenda kwa jirani, naye picha ya ubatizo wa wajukuu wake imefungwa mkanda huohuo. Wote tulipigwa na Skola wa Mtandulwe. Alikuwa anakuja hapa mjini kila mwezi, mtu mwema, anakula hapahapa kwangu. Sasa wanasema alikuwa anatengeneza."

Twilumba alishika nguo alizoanua kifuani bila kujua. Alama ya mghushi hurudi nyuma. Inafuata kila picha ambayo kamera yake imewahi kutia sahihi, iwe ya juzi au ya miaka kumi, kwenye vioo, kwenye simu, kwenye makaburi ya kisasa yenye sura ya marehemu. Kifungu hicho nacho alikuwa amekifundisha.

"Mimi sina picha nyingine ya mzee," Bi. Desderia aliendelea. "Alikuwa hapendi kupigwa. Hiyo moja alikubali kwa sababu ya ng'ombe. Sasa nakaa namtazama, najiuliza, hivi lile koti alikuwa nalo? Mbona silikumbuki vizuri? Niambie tu, mwanangu, nitavumilia. Huyu mume wangu ni wa kweli?"

"Ni wa kweli, mama."

"Sasa mbona serikali inasema ghushi?"

Twilumba alifungua mdomo. Angeweza kusema pale pale. Alimwona mama huyo anavyomtazama, kwa imani yote ambayo watu huwa nayo kwa binti wa ofisini aliyepanga chumba kwao na hajawahi kuchelewesha kodi, na ujasiri ukamtoka.

"Wakati mwingine inakosea," alisema.

"Haikosei," Bi. Desderia alisema kwa huzuni. "Wewe mwenyewe uliniambia siku ile unahamia."

Hakula mchana ule. Kumbukumbu ya ile chai ilimrudia. Alikuwa amejiambia kwamba amemwokoa mnyama na hakumdhuru mtu. Kumbe alikuwa amechukua wafu wa watu, maharusi wa watu, watoto waliopakatwa mbele ya kanisa, akawapaka kijivu wote kwa kidole kimoja.

3

Jumamosi iliyofuata alikwenda Mtandulwe. Alimkuta Skolastika nyuma ya nyumba anapura mtama, mwanamke wa umri wa makamo, mabega mapana, kitambaa kimefungwa kichwani kwa haraka. Mlangoni kibao cha studio kilikuwa kimegeuzwa kikatazama ukuta.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Karibu. Kama umekuja kwa ajili ya picha ya mtu wako, mwanangu, sina la kukueleza. Waliokuja kabla yako wameshanitukana vya kutosha, wewe nipunguzie."

"Sikuja kutukana. Natoka Ithibati."

Skolastika aliacha kupura. Alimtazama kuanzia viatu.

"Kamera yenu mmeshaichukua," alisema. "Siku ileile ilijizima yenyewe mkononi mwangu, na yote yaliyokuwa ndani yakaungua. Mnataka nini tena?"

"Nataka kukuuliza juu ya ile picha."

"Uliza basi. Watu wa kijiji hiki kizima walikuwepo. Shemeji yangu, Mzee Kalolo, ndiye aliyeongoza. Kwetu siku hiyo simu zote huwekwa kapuni, jicho la picha linakuwa moja tu, wakanipa mimi heshima hiyo. Mnyama alishuka, akawekewa vitu, akaenda kwenye maji. Nikapiga. Nikailetea serikali kama leseni inavyotaka. Serikali ikanijibu." Alisoma kutoka kichwani, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha ofisini kilichokaa vibaya mdomoni mwake. "Mnyama wa porini hawezi kutulia katikati ya watu na vyombo vya nyumbani. Tukio limetungwa. Unajua kinachoniuma? Kuitwa mwongo nimeshazoea siku hizi. Kinachoniuma ni aliyeandika hivyo. Mzungu angeandika, ningesema hajui. Mashine ingeandika, ningesema haikuzaliwa. Lakini jina lililotiwa pale ni Nyenza. Nyenza ni mtu wa huku. Hana bibi?"

"Anaye," Twilumba alisema. "Alikuwa naye. Alimfundisha kupiga magoti."

Kuku walisogea kwenye mtama na hakuna aliyewafukuza.

"Ni wewe," Skolastika alisema.

Twilumba akapiga magoti hapo hapo kwenye makapi, akasema yote: Ndolela, mashimo, gamba lililoachwa, vitufe vitatu. Hakujitetea sana. Alisema alijua picha ni ya kweli, na aliichagua ile sababu kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa salama kwake. Alipomaliza alikuwa analia.

Skolastika hakumwinua. Alikwenda akachota maji, akanywa yeye, akarudi.

"Mnyama bado yupo," alisema hatimaye. "Kalolo ameona nyayo wiki hii. Anamkokota mtoto mkiani."

"Basi nisikilize, mama. Nikitengua hukumu, jina lako linasafishwa kesho, picha za watu zinarudi, lakini muhuri utatangaza kilima chako, na hao watu watakuja. Nisipotengua, mnyama anapona na wewe unabaki hivi. Mimi nitafanya lolote utakaloniambia."

"Lolote nitakalokuambia." Skolastika aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza hasira yake ikaonekana wazi usoni. "Kwa hiyo umetoka mjini kuja kunitwisha. Nikisema nisafishe, kakakuona akifa, ni Skola aliyemuua. Nikisema niache, wewe unarudi mjini umelala usingizi, mimi nazikwa na mkanda. Hapana, mwanangu. Ulipobonyeza hukuniuliza. Usiniulize leo."

"Mama, naomba..."

"Mimi nina mtama wa kupura. Nenda."

4

Njia ya tatu ilimjia Jumatatu, akiwa kazini, na ilimjia kwa umbo la kifungu cha sheria, maana ndivyo kichwa chake kilivyokuwa kimefinyangwa.

Hukumu isipotenguliwa, alama ya mghushi haifutiki, lakini huweza kuhamishwa. Ikithibitika kwamba picha iliharibiwa baada ya kuwasilishwa, mpigapicha huwa safi, na alama humwangukia aliyeiharibu. Picha yenyewe hubaki ghushi. Hakuna muhuri, kwa hiyo hakuna mahali panapotangazwa.

Alilikalia wazo hilo hadi saa ya kufunga ofisi, akilipindua kutafuta pa kutokea, na hakupata. Kisha akabisha hodi kwa Bwana Nyalusi.

Bwana Nyalusi alikuwa mtu mnyoofu aliyebakiza muda mfupi astaafu, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake anaposikia habari mbaya. Aliisafisha muda wote Twilumba alipokuwa anasema.

"Ngoja nikuelewe," alisema. "Ile picha ya Mtandulwe uliitengeneza wewe."

"Ndiyo, mkuu. Ilipofika mezani kwangu niliibadilisha. Nilitaka kujua kama Chekeche itanikamata. Najua ni wapi haitazami. Ikanipa tisini na saba. Nikaogopa, nikaiita ghushi haraka ichomwe, lawama zikamwangukia mwenye picha."

"Ulikuwa unajipima."

"Kiburi, mkuu."

Kiburi kilikuwa jambo ambalo Bwana Nyalusi angeweza kuliamini kwake. Aliandika kidogo. Aliuliza alibadilisha nini hasa, na swali hilo Twilumba hakuwa ameliandalia jibu. Picha ilikuwa na watu waliopiga magoti, ungo, kibuyu, jembe. Kulikuwa na mnyama katikati. Lazima awe alikuwa mnyama fulani.

"Alikuwa kenge," alisema. "Wao walimpiga picha kenge aliyeingia penye watu. Mimi nikamvalisha magamba."

"Kenge."

"Ndiyo."

"Watu wazima wamepiga magoti mbele ya kenge."

"Ndivyo ilivyokuwa, mkuu."

Bwana Nyalusi alivaa miwani. Alimtazama, na Twilumba akamwona anarudi nyuma taratibu kimawazo, kutoka Mtandulwe hadi mwaka uliopita, hadi kilima cha Ndolela na msichana aliyesimama palepale mbele ya meza hiyohiyo akiomba mahali pafichwe.

"Nyenza," alisema polepole, "nitakuuliza swali moja, na nitaandika jibu utakalonipa. Huko Mtandulwe kuna kakakuona?"

Kabla ya jioni hiyo, katika maisha yake ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza kitu ana kwa ana akajibiwa uongo. Ule wa kwanza alikuwa ameubonyeza. Huu ilibidi autamke, mbele ya mtu aliyemfundisha kazi.

"Hakuna," alisema.

Bwana Nyalusi akaandika. Alipofika chini alimgeuzia kioo atie kidole, akasema bila kumtazama, "Unajua alama inarudi nyuma."

"Nilikuwa nafundisha, mkuu."

Alitoka ofisini na kitambulisho kimebaki mezani. Hukumu zake za zamani zingepitiwa upya na wenzake, moja moja, na angesemwa kila chai inaponywewa. Hilo alikuwa amelitarajia. Barabarani alifungua simu yake. Picha alizowahi kupiga yeye mwenyewe zilikuwa zinageuka moja baada ya nyingine, mahafali, Krismasi, rafiki zake shuleni, na alipofika kwa bibi yake, aliyempiga kule Usangu miezi michache kabla hajafariki, mkanda wa kijivu ulikuwa tayari umempita shingoni. Alisimama kando ya njia akamtazama. Bibi alikuwa anacheka kitu kilichokuwa nje ya picha, na Twilumba alijaribu kukumbuka ni nini, asikumbuke, akaanza kuogopa kama Bi. Desderia alivyoogopa.

5

Skolastika alipiga simu wiki iliyofuata.

"Jina langu limerudi," alisema. "Jana tu nimealikwa harusi mbili. Bi. Desderia wako kaniletea salamu, anasema koti la marehemu limeonekana. Nashukuru. Sasa na sisi tumesoma hukumu. Imesomwa hapa mbele ya watu wote. Mzee Kalolo amesikia kwamba alimpigia magoti kenge."

"Mama, sikuwa na..."

"Vijana wa vijiji vya jirani wanapaita hapa Kwa Kenge. Juzi mpira ulichezwa hapa, wakaja na wimbo wao kabisa. Jina langu umelisafisha kwa kukichafua kijiji. Kalolo anataka uje."

Alikwenda. Hakujua anakwenda kufanywa nini, na aliona ni halali yake, liwe lolote. Mzee Kalolo alimkuta pale penye studio, kibao kikiwa kimeshageuzwa kikatazama barabara. Alikuwa mtu mkavu, mfupi, asiye na maneno. Twilumba alimsalimu kwa kupiga goti, hakumwitikia. Alimgeukia Skolastika.

"Amekuja na simu?"

"Aiweke kapuni," Skolastika alisema, na Twilumba akaiweka.

Wakapanda kilima, wao watatu, jua likiwa bado kali. Hakuna aliyezungumza naye njiani. Alidhani anapelekwa mahali pa tambiko akaombe msamaha, na alikuwa ameanza kupanga maneno, Mzee Kalolo aliposimama nyuma ya jiwe na kumwashiria aketi.

"Baba," Twilumba alinong'ona, "nimewakosea. Siwezi kulirudisha lile neno. Hata nikienda leo nikasema ni uongo, nikasema nimekuja, nimeona kwa macho yangu, hakuna atakayeniamini tena. Mimi ni mghushi."

"Ndiyo maana tumekuleta wewe," Mzee Kalolo alisema.

Walingoja. Vivuli vya miti vilikuwa vimerefuka kidogo tu kitu kilipotikisika mdomoni mwa shimo la muhanga, chini ya kichaka. Pua ilitoka kwanza, ikanusa. Kisha akatoka mzima, magamba yakigusana kwa sauti ndogo ya makapi, mikono kifuani, na juu ya shina la mkia wake mtoto amejikunja, rangi yake nyepesi bado, ameng'ang'ania kama anayelala.

Twilumba alitazama. Kwa mazoea ya miaka, jicho lake lilianza kazi lenyewe: kivuli kiko upande wake, nyasi zimelala alipokanyaga, vumbi limeshika kucha. Hakukuwa na kitufe cha kubonyeza. Mnyama alipita karibu sana, akachimba kichuguu kimoja, akala, akaendelea na safari yake bila kuwajali. Twilumba aliziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe ili kilio kisimshtue.

Alipokuwa ameshatoweka kabisa, Mzee Kalolo aliinuka, akajikung'uta.

"Umeona nini?" alimuuliza.

Skolastika alikuwa amesimama pembeni akimtazama. Twilumba alijua anaulizwa nini, na alijua atakuwa akiulizwa hivyo maisha yake yote.

"Nimeona kenge, baba."

Mzee Kalolo hakucheka, wala hakumshukuru. Alimpa mkono amwinue kutoka chini.

"Haya, tushuke," alisema.